Tupa si ya kutupwa: mzigo unaoharibika kabla ya kufika kwa fundi

KIGALI, Rwanda

Asubuhi katika Agakiriro ka Gisozi, soko kubwa la mafundi lililoko Wilaya ya Gasabo, huanza kwa kelele. Misumeno ya umeme inapasua mbao za vitanda na makabati. Grenda zinakata vyuma vya milango na madirisha. Nyuma ya kelele hizo kuna sauti ndogo ambayo mpita njia haisikii mpaka asimame: tupa inakwaruza chuma kwa mwendo wa polepole, kwenda na kurudi.

Sikio lililozoea hutambua mengi kwa sauti hiyo. Tupa nzima inauma chuma na kutoa mvumo mzito ulio sawasawa. Tupa iliyokufa hulia kwa sauti nyembamba na kuteleza, kama mtu anayekata nyama kwa mgongo wa kisu.

Kwa fundi wa visu, tofauti ya sauti hizo mbili ni tofauti ya siku nzima ya kazi. Kisu alichopanga kukimaliza kabla ya chakula cha mchana kinafika jioni, mkono unauma, na mteja ameshaondoka. Siku ya pili fundi huyo hurudi kwa muuzaji na kumwambia kwamba amemuuzia chuma kitupu.

Muuzaji naye humlaumu aliyemletea mzigo, na aliyeleta mzigo hulaumu kiwanda. Wakati mwingine kiwanda ndicho chenye kosa. Lakini lipo kosa jingine ambalo wafanyabiashara wa mpakani wanaweza kulizuia wenyewe bila kuongeza mtaji: tupa iliyotoka kiwandani ikiwa kali inaweza kufa ndani ya gunia, barabarani, kabla haijagusa chuma cha fundi hata mara moja.

Kila jino ni patasi

Ili kuelewa jinsi tupa inavyokufa, ni lazima kwanza kuelewa inavyofanya kazi. Wengi huiona kama kipande cha chuma chenye mikwaruzo. Kwa kweli ni mkusanyiko wa mamia ya patasi ndogo zilizopangwa kwa mistari, zote zikielekea upande mmoja, kutoka kwenye mpini kwenda kwenye ncha. Kila jino hunyofoa unga kidogo wa chuma.

Kabla ya mashine kushika kazi hiyo katika karne ya 19, meno ya tupa yalichongwa kwa mkono, jino moja baada ya jingine, kwa nyundo na patasi. Kampuni ya Nicholson, ambayo jina lake bado linaonekana kwenye tupa nyingi duniani, ilianzishwa mwaka 1864 mjini Providence, Marekani, katika kipindi hichohicho cha mashine. Leo India ni miongoni mwa nchi zinazotengeneza tupa kwa wingi, na tupa za China, Ureno, Ujerumani na Uswisi nazo zinajulikana.

Tupa nzuri hutengenezwa kwa feleji yenye kaboni nyingi, kisha hupashwa moto na kupozwa ghafla hadi iwe ngumu kuliko karibu kila chuma ambacho fundi atakutana nacho. Ugumu huo ndio unaoifanya ikate. Lakini kitu kigumu sana huwa pia chepesi kuvunjika. Tupa ikianguka kwenye sakafu ya saruji inaweza kukatika vipande viwili, na meno yake yakigongana na chuma kigumu kama yenyewe, ncha zake humeguka.

Na hapa ndipo tatizo la mfanyabiashara linapoanza, kwa sababu kitu kigumu kilicho karibu zaidi na tupa ndani ya gunia ni tupa nyingine.

Kwa nini bado tupa

Mtu anaweza kuuliza: katika soko lililojaa grenda, nani bado ananunua tupa?

Jibu la kwanza ni joto. Visu vingi vya mafundi wa mitaani Afrika Mashariki hutokana na springi za magari makuukuu, ambazo ni feleji nzuri inayokubali kutiwa ugumu. Kisu kikishatiwa ugumu, grenda ikikigusa kwa muda mrefu makali hubadilika rangi na kuwa ya samawati. Rangi hiyo ni dalili kwamba ugumu umetoka. Kisu kitaonekana kizuri sokoni, lakini kikifika jikoni kitapoteza makali kwa wiki moja. Tupa haina balaa hilo, kwani chuma kinachopigwa tupa mtu anaweza kukishika kwa mkono muda wote.

Jibu la pili ni umeme. Fundi mwenye tupa hahitaji waya, mita wala mafuta ya jenereta. Anaweza kufanya kazi chini ya mti Rubavu, kando ya barabara Kabale au nyuma ya nyumba Ngara.

Jibu la tatu ni jicho. Grenda hula haraka, na kosa la sekunde moja halirudi. Tupa hula kidogo kidogo na humpa fundi nafasi ya kutazama, kupima na kusahihisha.

Isitoshe, fundi wa visu si mteja pekee. Seremala wa Gisozi huhitaji tupa ya pembetatu kunolea msumeno wa mkono. Mkulima huhitaji tupa bapa kunolea panga, ambalo Wanyarwanda huliita umuhoro, na jembe, ambalo huliita isuka. Fundi wa kufuli huhitaji tupa ndogo za kuchonga funguo. Mfanyabiashara anayezijua tupa ana wateja wanne katika mtaa mmoja.

Ufundi wenyewe si mgeni katika eneo hili. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa Kagera, upande wa Tanzania, na Rwanda umeonyesha kwamba watu wa ukanda wa Maziwa Makuu walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mhunzi, ambaye kwa Kinyarwanda huitwa umucuzi, alikuwepo muda mrefu kabla ya duka la vifaa vya ujenzi.

Kusoma tupa kabla ya kuuliza bei

Mfanyabiashara anayesimama mbele ya rafu ya tupa Kampala, Kariakoo au Nairobi anapaswa kujua mambo matatu: urefu, umbo na meno.

Urefu hupimwa kwa inchi, kutoka kwenye ncha hadi pale meno yanapoishia. Mkia mwembamba unaoingia kwenye mpini hauhesabiwi. Muuzaji anayepima pamoja na mkia anauza inchi ambazo hazipo. Urefu unaotembea zaidi kwa kazi ya visu ni inchi 8, 10 na 12.

Umbo hufuata kazi. Tupa bapa ndiyo mama wa zote, maana husawazisha uso wa kisu na kushusha makali. Tupa nusu duara ina upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo, nayo hutengeneza mikunjo ya mahali pa kushikia. Tupa duara hupanua matundu na kuchonga kijibonde kidogo kati ya makali na mpini. Tupa ya pembetatu ni ya misumeno, na ya mraba ni ya pembe za ndani.

Meno ndiyo yanayowachanganya wengi. Kwanza kuna mpangilio wake. Tupa yenye mistari inayoelekea upande mmoja tu hukata taratibu na kuacha uso laini, na hiyo hufaa kunolea na kumalizia. Yenye mistari inayopishana kama wavu hula chuma kwa kasi na kuacha mikwaruzo, na hiyo hufaa kuanzia kazi.

Pili, kuna ukubwa wa meno. Viwanda vingi vya Ulaya huandika namba karibu na mkia. Namba 1 ni meno makubwa, 2 ni ya kati na 3 ni laini. Viwanda vingine hutumia maneno badala ya namba, lakini ngazi ni zilezile.

Lipo jambo moja ambalo hata wauzaji wazoefu hulikosa. Ukubwa wa meno hubadilika pamoja na urefu wa tupa. Tupa ya namba 1 yenye inchi 12 ina meno makubwa kuliko tupa ya namba 1 yenye inchi 6, ingawa namba ni ileile. Mteja akisema anataka tupa ya namba 2 bila kutaja urefu, bado hajasema anachotaka. Muuzaji mwerevu humuuliza ni ya inchi ngapi na ni ya kazi gani.

Kitu kingine cha kutazama ni ukingo. Baadhi ya tupa bapa zina ukingo mmoja usio na meno kabisa. Asiyejua hudhani ni kasoro ya kiwandani na kudai apunguziwe bei. Fundi wa visu huutafuta ukingo huo kwa makusudi, kwa sababu humwezesha kuchonga pembe pale makali yanapoanzia bila kula upande wa pili.

Kwa anayeanza kuwauzia mafundi wa visu, mchanganyiko wa busara ni huu: tupa bapa za inchi 10 au 12 zenye meno makubwa kwa kazi ya kuanzia, tupa bapa za inchi 8 zenye meno laini kwa kumalizia, nusu duara za inchi 8, na duara chache nyembamba. Za kwanza zinapaswa kuwa nyingi kuliko nyingine, kwa sababu ndizo zinazofanya kazi nzito na kuisha mapema.

Majaribio matano ya dukani

Tupa hafifu huwa ya aina mbili. Moja ni ile iliyotengenezwa kwa chuma laini na kupewa ngozi nyembamba ya ugumu. Hukata vizuri siku mbili, kisha huteleza. Nyingine ni ya chuma kizuri lakini haikupozwa sawasawa, hivyo sehemu moja ni ngumu na nyingine ni laini. Zote mbili zinaweza kubeba nembo ya kiwanda mashuhuri, kwa sababu kugonga nembo ni rahisi kuliko kutengeneza tupa.

Majaribio yafuatayo hayahitaji mashine.

La kwanza ni la macho. Tupa iinuliwe kuelekea mwanga na kutazamwa kwa urefu wake, kama mtu anayelenga shabaha. Iwe imenyooka. Meno yawe sawa tangu mkiani hadi nchani. Vidoa vinavyong'aa juu ya meno ni alama za mahali ambapo ncha zimeshalala.

La pili ni la ukucha. Ukucha ukisukumwa taratibu juu ya uso wa tupa, meno makali yanapaswa kuukwangua na kuacha unga mweupe. Ukiteleza bila kuacha kitu, meno hayo hayana ncha.

La tatu ni la sauti. Tupa ishikwe kwa vidole viwili upande wa mkia na kugongwa kidogo kwa kijiti. Iliyo nzima hulia kama kengele ndogo. Yenye ufa hutoa sauti butu.

La nne ni la ugumu. Mfanyabiashara mwenye tupa moja anayoiamini aibebe mfukoni, ikiwa imefungwa kwa kitambaa. Pembe yake ikisukumwa kwenye ukingo usio na meno wa tupa inayouzwa, iteleze. Ikiuma na kutoa unga, tupa hiyo ni laini.

La tano ni la kazi yenyewe, nalo linashinda mengine yote. Kipande kidogo cha springi kilicholainishwa kwa moto hubebeka kwa urahisi. Misukumo mitano ya tupa juu ya kipande hicho huonyesha zaidi ya maneno ya nusu saa. Muuzaji anayekataa tupa moja ijaribiwe kwa mtu anayetaka kununua mia moja ametoa jibu tayari.

Bei nayo itazamwe kwa hesabu ya kazi. Tuseme tupa moja inauzwa faranga 3,000 na inamaliza visu 2, na nyingine inauzwa faranga 9,000 na inamaliza visu 20. Ya kwanza inamgharimu fundi faranga 1,500 kwa kila kisu, na ya pili faranga 450. Bei hizo ni za mfano tu, lakini hesabu ya namna hiyo ndiyo inayomrudisha mteja, au kumfukuza. Wahenga walikwisha kusema: rahisi ghali.

Gunia ndilo adui

Rwanda haina bahari. Ukiondoa mzigo unaokuja kwa ndege, tupa iliyotoka nje ya bara hufika Kigali baada ya safari ndefu ya barabara. Inayopitia bandari ya Mombasa hukatiza Kenya na Uganda na kuingia kupitia Gatuna, mpaka uliofunguliwa tena Januari 2022 baada ya kufungwa tangu 2019, au Kagitumba. Inayopitia Dar es Salaam huingia kupitia Rusumo. Kwa njia yoyote, ni zaidi ya kilomita elfu moja za mitikisiko.

Viwanda vinavyojali hufunga kila tupa kwa karatasi yake, kisha huzipanga ndani ya boksi zisichezecheze. Kishawishi cha mfanyabiashara mdogo ni kuvunja maboksi hayo ili mzigo uwe mdogo na mwepesi, kisha kumimina tupa zote ndani ya gunia moja pamoja na misumari na bawaba. Kila shimo la barabarani linazigonganisha, na kila mgongano humegua ncha kadhaa. Mzigo ukifunguliwa Nyabugogo, tupa bado zinaonekana mpya, lakini zimeshafanya kazi ya miezi kadhaa juu ya migongo ya wenzake.

Dawa yake ni nafuu. Kila tupa ifungwe peke yake, na ncha zote zielekee upande mmoja. Kumi au kumi na mbili zifungwe pamoja kwa kamba hadi zisisogee, kisha bunda liingizwe kwenye boksi la katoni au la mbao. Gunia, kama ni la lazima, liwe la nje tu.

Zisifungwe kwa mifuko ya plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo kwa sheria ya mwaka 2008, na mwaka 2019 sheria mpya ikapanua marufuku hadi plastiki nyingine za kutumika mara moja. Mzigo uliofungwa kwa mifuko huweza kucheleweshwa mpakani na mifuko ikachukuliwa, tupa zikabaki wazi. Karatasi ndiyo kifungio sahihi, na gazeti lililokwisha kusomwa linatosha kabisa.

Adui wa pili ni unyevu. Mvua za Kigali hunyesha zaidi kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Desemba. Kutu huanza kula pale palipo pembamba zaidi, yaani ncha za meno. Tupa iliyopata kutu hata ikisuguliwa ikang'aa haitakuwa kali kama awali. Mzigo usiwekwe juu ya sakafu ya udongo wala kuegemezwa ukutani penye unyevu. Anayehifadhi kwa miezi mingi anaweza kupaka mafuta mepesi kidogo sana, na kumwambia mnunuzi ayafute kabla ya kuanza kazi, kwa sababu mafuta huifanya tupa iteleze na kushika unga wa chuma.

Dukani nako, tupa zisirundikwe kwenye beseni. Ubao uliotobolewa matundu, kila tupa ikisimama kwenye tundu lake, ni rafu inayotosha na inayomwonyesha fundi kwamba muuzaji anajua anachouza.

Mikononi mwa fundi

Muuzaji asiyejua matumizi hawezi kujibu malalamiko. Mteja akirudisha tupa baada ya siku tatu, ni vyema kujua ikiwa kosa ni la mzigo au la mkono.

Kazi ya kisu huanza kwa kulainisha chuma. Springi hupashwa moto hadi iwe nyekundu na sumaku isiinase tena, kisha hufukiwa ndani ya majivu makavu hadi kesho yake. Ikipoa polepole hivyo, tupa huila bila shida. Fundi anayeruka hatua hii na kupiga tupa chuma kigumu huua tupa yake kwa dakika chache, na hapo si haki kumlaumu muuzaji.

Hatua ya pili ni kuondoa magamba meusi yaliyoachwa na moto. Magamba hayo ni magumu na hukwaruza meno vibaya. Siki ya usiku mmoja huyalegeza, au tupa kuukuu hutumika kuyatoa. Tupa mpya isiyaguse.

Baada ya hapo kisu hubanwa kwenye jiliwa, ambalo wengi huliita vaisi, kwa kimo cha kiwiko cha mkono. Tupa iwe na mpini kila wakati. Mkia wake ni mkali, na tupa ikikwama ghafla mkia huo unaweza kuchoma kiganja. Muuzaji anayeweka mipini ya mbao kando ya tupa zake anauza vitu viwili na kumwepusha mteja na jeraha.

Tupa hukata ikisukumwa mbele tu. Wakati wa kurudi iinuliwe, au ipite bila uzito. Anayeikandamiza kwenda na kurudi, kama anayesugua sufuria, hulaza meno kwa upande wa nyuma. Mwendo wa misukumo 40 hadi 60 kwa dakika unatosha. Zaidi ya hapo ni jasho la bure.

Unga wa chuma ukijaa katikati ya meno huanza kuchora mistari mirefu juu ya kisu. Kinga yake ni chaki ya kawaida ya ubao wa shule. Ipakwe juu ya tupa kabla ya kuanza, nayo huzuia unga kung'ang'ania. Kila baada ya misukumo kadhaa tupa ipigwe brashi ya waya kufuata mistari ya meno. Unga usipulizwe kwa mdomo, maana huishia machoni.

Kwa kushusha makali, fundi huchora mstari katikati ya unene wa chuma, kisha hupiga tupa kila upande hadi karibu na mstari huo. Huacha unene wa karibu milimita 1 ambao haujanolewa. Makali yakiwa membamba mno kabla ya kutiwa ugumu, moto huyapinda au kuyapasua. Mwishoni hushika tupa laini kwa mikono miwili, ikiwa imelala kukingama na kisu, na kuivuta kwa urefu. Mikwaruzo ya mwanzo hutoweka na uso huwa tayari kwa msasa.

Kisha kisu hupashwa moto tena hadi sumaku iachie, na kutumbukizwa kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo. Hapo tupa hugeuka kuwa kipimo. Pembe ya tupa kuukuu ikipitishwa kwenye makali na kuteleza kama juu ya kioo, ugumu umeingia. Ikiuma, kazi irudiwe. Baada ya hapo kisu hupashwa moto mdogo, wa karibu nyuzi 200, hadi kipate rangi ya majani makavu, ili kisivunjike kama kioo. Kinachobaki ni mpini na jiwe la kunolea.

Tupa kuukuu nayo ni bidhaa

Tupa iliyokwisha bado ina thamani. Kwa kuwa ni feleji yenye kaboni nyingi, fundi anaweza kuilainisha, kuyaondoa meno yote na kuifanya kisu kinachoshika makali kuliko springi. Meno yaondolewe kabisa, kwa sababu kila mfereji unaobaki ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia.

Tupa zile zenye ngozi tu ya ugumu hazifai kwa hilo. Ngozi ikishaondoka, ndani kuna chuma laini kisichoshika makali kwa namna yoyote. Fundi aliyewahi kupoteza siku nzima kwa tupa ya aina hiyo hukumbuka duka alikoinunua.

Mfanyabiashara anaweza kupokea tupa kuukuu kutoka kwa maseremala na wakulima, na kuwauzia mafundi wa visu. Safari ya kurudi haina haja ya kuwa tupu.

Makaratasi ya mpakani

Katika vitabu vya forodha tupa ziko chini ya namba 8203.10, na visu chini ya 8211. Kuzitaja namba hizo mbele ya ofisa hupunguza maswali na kuzuia mzigo usiandikwe kama kitu kingine.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zinazotambuliwa kuwa zimezalishwa ndani ya Jumuiya, zikiwa na thamani isiyozidi dola 2,000, hutumia cheti rahisi cha uasili kinachopatikana mpakani. Tupa iliyotengenezwa Asia au Ulaya haipati nafuu hiyo, hata kama imenunuliwa Kampala. Risiti ya dukani peke yake haibadilishi mahali ilipotengenezwa, hivyo ni busara kuuliza ofisi ya forodha kabla ya safari.

Kisu kilichotengenezwa na fundi wa Kigali, Nairobi au Mwanza kiko katika hali tofauti, na mwenye mzigo wa visu anapaswa kuuliza kuhusu cheti hicho. Hiyo ndiyo sababu ya mwisho ya kuichukulia tupa kwa uzito. Tupa ni mzigo unaotoka mbali na kulipiwa ushuru, lakini ikiwa nzima humwezesha fundi wa hapa kuzalisha bidhaa ambayo Jumuiya inaihesabu kuwa yake.

Jioni Gisozi, wakati grenda zinaanza kunyamaza, mteja wa tupa hafanyi maneno mengi. Huichukua moja kwenye ubao, huielekeza kwenye mwanga, huigonga kwa kidole na kuisikiliza, kisha hupitisha ukucha. Ama hutoa pesa, au huirudisha kwenye tundu lake na kuaga kwa heshima. Uamuzi wake ulishafanywa siku nyingi nyuma, mahali ambapo mtu fulani alichagua kati ya kufunga tupa kwa karatasi na kuimwaga ndani ya gunia.